Albamu tano za kubaki nazo: barua kwa mwanangu Zawadi

Mwanangu Zawadi,

Salamu nyingi. Sisi hapa Magomeni hatujambo, mguu wa baba yako umepoa, kinachotusumbua ni joto tu.

Juzi kwenye simu uliniambia mnabishana na wenzako kazini huko Mwanza: mtu akiambiwa abaki na albamu tano tu maisha yake yote, nyingine zote zichukuliwe, atabaki na zipi? Nikakujibu nitaandika, ukacheka. Haya, nimeandika.

Kwanza tuelewane albamu ni nini, maana ninyi chochote chenye picha ya msanii na orodha ya nyimbo mnakiita albamu. Mimi kipimo changu ni kimoja. Wimbo ukiisha, kabla unaofuata haujaanza, mdomo wangu uwe umeshauanza. Hapo najua nyimbo hizo zimeshikana na haziachani. Wimbo mmoja mzuri si hoja, nyimbo nzuri zimejaa tele, hata kwenye daladala utazisikia bure.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza haina jalada na haikuwahi kuuzwa dukani. Ni ile kanda ya bendi ya Sikinde, yaani Mlimani Park, ya dakika 60 aliyoiandika mjomba wako kwa peni nyekundu, mliyokuwa mkiipita kila siku kwenye kabati la vyombo. Usiniambie hiyo si albamu. Sikiliza kwanza ilivyokuwa.

Bendi zetu siku zile hazikuishi kwa kutoa albamu. Bendi inatunga, inapiga ukumbini mpaka watu wanaushika wimbo, kisha inakwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi. Mkanda unabaki maktaba ya redio, na sisi tunausikia hewani, wakitaka wao. Santuri zetu nyingi zilikuwa zinachapwa Nairobi. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Sasa angalia: Mlimani Park wameanza 1978, katikati ya hali hiyo hiyo, wakiwa bendi ya kampuni ya usafiri na teksi. DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, iliwachukua 1983. Miaka yao mitamu kabisa, akina Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka wakiimba, Michael Enoch akiwapanga, ndiyo miaka ambayo santuri ilikuwa adimu. Aliyetaka Sikinde nyumbani kwake alikaa mbele ya redio kaseti, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akisubiri.

Mjomba wako alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alikuwa akisikia gitaa la kwanza tu anajua wimbo gani unakuja, anabonyeza kabla mtangazaji hajamaliza kutaja jina. Na alikuwa anapiga hesabu. Wimbo wa dansi wa wakati ule una mwanzo wa taratibu, wa kusikiliza maneno na kumsikitikia anayeimba, halafu unaingia kwenye chemko, magitaa na tarumbeta zinajibizana, hapo ndipo waliokaa wanasimama. Dakika saba, nane zinakwenda. Upande wa kanda wenye dakika 30 unameza nyimbo nne, ya tano inakatika. Kwa hiyo alikuwa anachagua: ipi ifungue, ipi ifuate, ipi akubali ikatike. Huko si kupanga albamu ni kufanya nini? Alipomaliza akavunja vile vijino viwili vya juu ya kanda ili mtu asije akarekodi kwaya juu yake. Nyumba ile ilikuwa na wanakwaya watatu, hakuwaamini.

Upande A unakatika Bitchuka akiwa katikati ya sentensi. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo mzima mahali pengine, pale kanda yetu inapokatikia naona kama waimbaji wamezidisha. Na upande B kuna mtangazaji anaanza kusoma salamu za wasikilizaji juu ya tarumbeta, nimezishika salamu zile kama sehemu ya wimbo, majina ya watu nisiowajua kabisa. Miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani ilitoa CD ya Sikinde kutoka kwenye mikanda hiyo hiyo ya Radio Tanzania. Nimeisikia kwa jirani. Ni safi, haikwaruzi, hakuna anayesoma salamu. Nzuri sana, sikatai. Lakini mpangilio ni wa kwao, kila wimbo ukiisha mimi naimba huu na spika inapiga ule.

Ya pili ni Remmy Ongala. Ninyi mnamjua kama kituo, “Sinza kwa Remmy, shusha!” Mtu mwenyewe alizaliwa Kindu, Kongo, 1947, akaja Dar 1978 kwenye bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Nachukua Songs for the Poor Man ya 1989, iliyotoka Uingereza kwenye lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Najua wapo watakaosema Remmy wa kweli ni yule wa ukumbini, anayeongea na watu katikati ya wimbo mpaka usiku unakwisha. Ni kweli. Ila ukumbini, Zawadi, husikii magitaa yote, unasikia lililo karibu na spika yako. Kwenye albamu hii nililisikia kila gitaa likifanya kazi yake peke yake, moja linasuka chini, jingine linadonoa juu, na lile la katikati ambalo wala sikuwa najua kama lipo. Na juu yake yeye na ile sauti yake ya kukwaruza, anaongea kama mzee wa mtaa aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumba ya kupanga. Mle ndani kuna Sauti ya Mnyonge na Kipenda Roho, na kuna ule wimbo anaouliza muziki asili yake wapi, nami nimeusikiliza miaka yote hii bila kuchoka kuulizwa.

Redio ilikataa kupiga wimbo wake wa Mambo kwa Soksi, ule wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi unatumaliza. Wakaukataa na sisi tukaujua wote, watoto mpaka watu wazima. Haumo kwenye albamu ninayoichukua, nimeutaja tu kwa sababu rafiki zako wakisema Remmy alikuwa mtu wa vichekesho, uwajibu. Mwishoni aliokoka, akaimba Injili, akafariki Desemba 2010.

Ya tatu Mbaraka Mwinshehe, na hapa baba yako na mimi tumekubaliana, jambo ambalo si la kila siku. Kuna mfululizo wa santuri uitwao Ukumbusho, uliotoka Nairobi baada ya yeye kufariki kwenye ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Utasema huo ni mkusanyo, mama umevunja sheria yako. Sijavunja. Kabla ya hapo Mbaraka tulikuwa naye kwenye santuri ndogo, wimbo umekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Umeshakolea, unalazimika kuacha mwenzio amesimama, uende ukageuze santuri. Ukumbusho ndiyo iliyotukalisha tukamsikiliza kwa mfuatano, wimbo baada ya wimbo. Mtu wa Morogoro huyo, aliyekwenda kupiga gitaa mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya 1970.

Ya nne ni ya bibi yako zaidi kuliko yangu: Nyota, taarabu ya Tanga, Black Star na Lucky Star pamoja. Taarabu yenye gitaa na besi, si ile ya fidla nyingi ya Unguja, na si hii ya siku hizi ya kurushiana vijembe kwa spika kubwa. Naiweka kwa sababu ndiyo pekee niwezayo kuipiga nyumbani wageni wa rika lolote wakiwepo, hakuna atakayeomba ibadilishwe.

Ya tano itakufurahisha. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, yule wa bongo fleva, 2001. Uliipiga likizo nzima, mimi niko uani nafua, wewe uko ndani na mlango wazi, kwa hiyo naijua kwa mpangilio kuliko unavyodhani. Ndio Mzee mpaka leo ndio wimbo wa siasa ninaoupenda kuliko wote: mgombea anaahidi kila kitu chini ya jua, watu wanaitikia ndio mzee, ndio mzee, naye hatukani mtu hata mmoja. Halafu 2015 mwenyewe akagombea, akawa mbunge wa Mikumi! Nilicheka peke yangu jikoni.

Walioachwa. Marijani Rajabu ameniuma, lakini Marijani nina nyimbo zake, sina albamu yake. Ningemwita jabali kama wote wanavyomwita, ila ukiniuliza wimbo wake wa Zuwena unafuatiwa na nini, sina jibu. Bi Kidude nilitaka nimsikie akiwa mbele yangu, na nilimsikia, inatosha. Franco wa Kongo, baba yako amenuna kwa ajili yake toka jana, anasema nyumba isiyo na wimbo wake wa Mario si nyumba. Nimemwambia aandike barua yake.

Sasa habari ya “milele.” Kanda haina milele katika mji huu. Unyevu wa Dar unaingia, utepe unashikana, ukiuweka kwenye kinasa unaliwa. Ya mjomba wako nimekuwa nikiizungusha mbele na nyuma mara kwa mara ili isigande, na haijawahi kulala kwenye gari juani. Kijana wa jirani anayeshughulika na kompyuta ameihamisha wiki iliyopita. Alitaka kuigawa wimbo mmoja mmoja na kumfuta mtangazaji. Nikamkatalia. Nimemwambia kila upande uwe faili moja, na Bitchuka akatike pale pale anapokatikia.

Faili hizo mbili nimeziweka kwenye flashi, atakuletea binamu yako akija Mwanza mwisho wa mwezi. Ndani yake kuna na Remmy, hao wengine watatu utawapata mwenyewe kwenye simu. Zipige kwa mpangilio, usibonyeze kile kialama cha kuchanganya.

Na wewe niandikie zako tano. Najua ya Diamond, kijana wa Tandale, ya 2018 itakuwepo, nami sitabisha, mradi uniambie bila kutazama simu ni wimbo gani unafuata baada ya upi.

Baba yako anakusalimu, bado kanuna.

Ni mimi,
Mama yako