Mkaa, penseli na mkeka: kwa anayeanza kuchora michoro dhahania nyumbani

Kijana mmoja anayekuja kuchora barazani kwangu hapa Bagamoyo aliniuliza juzi: ukiambiwa uchore mchoro usio wa kitu chochote, unachora nini? Alikuwa amekaa nusu saa na daftari jipya mapajani, ukurasa bado mweupe. Nilimhurumia, maana miaka ile naanza nilikaa hivyo hivyo siku nyingi, na hakuna aliyeniambia ninachokuambia sasa. Mchoro dhahania hautoki kwenye kichwa kitupu. Unatoka kwenye kitu ulichokishika kwa mikono yako, kisha ukakivua jina.

Chukua mkeka. Tandaza karatasi nyepesi juu yake, ibane kwa vidole, usugue kwa ubavu wa penseli, si kwa ncha. Msuko wa ukili utajitokeza wenyewe. Geuza karatasi kidogo, sugua tena juu ya pale pale. Mkeka umeshatoweka, zimebaki njia zinazopishana, hapa pazito, pale pepesi. Sasa ndipo kazi yako inapoanza: kaza mstari huu, fifisha ule, acha pembe moja nyeupe kabisa. Mwaka 1925 msanii Max Ernst, akiwa katika mji wa pwani nchini Ufaransa, alisugua karatasi hivi juu ya mbao za sakafu, na njia hiyo ikawa msingi wa kazi zake nyingi.

Jaribu pia ungo, kifuu, soli ya ndala, mgongo wa jani la mkungu ambalo mishipa yake imetuna. Ila tafadhali usiende kusugulia mkaa kwenye magofu ya Kaole wala milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Ile ni mali ya wote na inachakaa. Simama mbele ya mlango, utazame maua na minyororo yake kwa dakika kumi bila kuchora, halafu rudi nyumbani uchore unachokumbuka. Kumbukumbu itaacha mengi njiani, na kile itakachobaki nacho mara nyingi ndicho mchoro wenyewe.

Vifaa visiwe vingi. Penseli mbili zinatosha, HB, ambayo ni ya kati, na 6B, ambayo ni laini. Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi: udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu, ukipungua inakuwa laini na nyeusi. Kwa hiyo 6B itakupa giza ambalo HB haikupi hata ukiikandamiza mpaka karatasi itoboke.

Mkaa wa jikoni unafaa kujaribia, lakini mwingi ni mgumu na hukwaruza. Tengeneza wako. Kata vijiti vyembamba kama kidole cha mwisho, vimenye gome, vikikauka vipange ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Toboa tundu dogo kifunikoni, uweke kopo kwenye moto wa kuni. Moshi utatoka tunduni; ukikoma, epua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Ukifungua mapema hewa itaingia, vijiti vitawaka na utabaki na jivu.

Krayoni za nta zina tabia yake: mkaa haushiki juu ya nta, na ukipaka nta juu ya mkaa rangi inachafuka. Zitengee mahali pake. Au paka rangi angavu, uifunike kwa krayoni nyeusi nzito, kisha uchore kwa kukwaruza na msumari. Chaki ya ubaoni iache, inapukutika yote.

Mwezi wa kwanza weka ufutio kabatini. Mstari ulioukosea mara nyingi unahitaji mwenzake tu.

Ukurasa ukikushinda usiuchane. Kata vipande viwili vya manila vyenye umbo la herufi L, uvikutanishe viwe dirisha, ulitembeze dirisha hilo polepole juu ya ukurasa. Yule kijana alipata mchoro mzuri kwenye pembe ndogo ya karatasi aliyotaka kuitupa, akauchora upya ukurasa mzima.

Kuhusu kutunza, pwani ina unyevu, na kuta za nyumba zetu za zamani, za mawe ya matumbawe na chokaa, huuvuta. Nilipoteza daftari zima la mkaa msimu mmoja wa masika kwa kuliegemeza ukutani: kurasa zilijikunja, nyingine zikaota ukungu. Liweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya rafu, chini ya kitabu kizito. Kati ya kurasa za mkaa weka karatasi nyembamba safi, si gazeti, kwani gazeti hugeuka njano na kuiambukiza jirani yake. Tikisa vumbi la mkaa nje, usilipulize kwa mdomo, hasa kama kuna mtoto karibu.