Parseli haina mwenyewe? Ngoja kwanza

Wadogo zetu mliopewa op juzi, yaani mamlaka ya admini kwenye seva yetu ya Minecraft, mchezo wa kujenga kwa bloku, mmefanya tena. Avenyu ya soko ina shimo, nyumba ya mtu imefagiliwa kwa //set air (amri inayogeuza kila kitu kuwa hewa), masanduku yameyeyuka na kila kilichokuwa ndani, na aliyefanya anajibu kwenye grupu: "Yaya, huyo alikuwa hajaingia siku nyingi." Siku nyingi ni ngapi? Alizihesabu nani, na kwa saa gani?

Hapa Goma mtu anayeogopa kupokonywa parseli, yaani kiwanja chake, huandika ukutani kwa rangi nyekundu: parseli hii haiuzishwi. Kwenye seva hakuna anayeandika hivyo, kwa sababu kila mtu anaamini ninyi ndio ukuta. Basi someni.

1. Jua kwanza unamtafuta nani. Seva yetu haithibitishi akaunti, na sababu mnaijua: wengi wenu hamjawahi kulipia Minecraft. Katika hali hiyo UUID, yaani namba ya utambulisho wa mchezaji, hutengenezwa kutokana na jina, herufi kwa herufi. "Furaha" na "furaha" ni watu wawili. Mtu anaibiwa simu, ananunua nyingine Birere, anaandika jina lake kwa herufi ndogo, na seva inampokea kama mgeni asiye na hata kiberiti. Nyumba yake iko palepale, lakini rekodi ya mwenye nyumba inaendelea kuzeeka. Wanaopitia Geyser, daraja la wanaocheza toleo la Bedrock, nao huingia na nukta mbele ya jina. Kwa hiyo kabla ya kusema "hajaingia", tafuta maumbo matatu: jina kama lilivyo, jina kwa herufi ndogo, jina lenye nukta. Kisha uliza majirani wawili wa avenyu. Jirani anajua kuliko plagini, zile programu za nyongeza za seva.

2. Simamisha saa. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo sisi wakubwa tulipovunja wenyewe, na hatuna wa kumsingizia.

GriefPrevention, plagini inayolinda parseli, inakuja na hesabu tatu za kuisha kwa parseli, si moja. Ile ya moja kwa moja inayotokea mgeni anapoweka sanduku la kwanza: siku 7. Parseli iliyochukuliwa na haikujengwa: siku 14. Zote kwa jumla mwenyewe asipoonekana: siku 60. Sisi tulipunguza hiyo ya tatu hadi 21, kwa sababu mji ulikuwa umejaa na wapya walikuwa wanalia parseli. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba mashine ya seva iko ng'ambo, na mashine iliyo ng'ambo haijui habari za Goma.

Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, kurante (umeme) ikakatika, intaneti ikakatika, watu wakatawanyika. Wengine walirudi mtandaoni baada ya siku kadhaa, wengine baada ya miezi, wengine walikuwa kwa jamaa bila simu. Seva yenyewe haikuzimika hata dakika moja. Iliendelea kuhesabu: siku ya 19, ya 20, ya 21. Siku ya 22 ikaanza kufungua parseli moja baada ya nyingine, kimya kimya, jinsi tulivyoiagiza. Wachezaji waliokuwa Lubumbashi na nje ya nchi, ambao mega (bando) zao hazikukatika, waliona nyumba zimekuwa wazi, wakaingia. Kwao haukuwa wizi: kanuni tuliyoandika sisi wenyewe ilisema kilichoisha muda ni cha atakayewahi.

Sikilizeni sasa kwa nini haikurekebishika. Bakapu zetu zilikuwa zinajifuta baada ya siku 7. Wenye nyumba walianza kurudi siku ya 9 na ya 10 baada ya wizi. Ikabaki CoreProtect, plagini inayorekodi kila kinachoguswa. Tukaingiza /co rollback, amri yake ya kurudisha nyuma, kwa masanduku ya avenyu nzima, almasi zikarudi masandukuni, tukapongezana. Hatukufikiri kwamba kurudisha sanduku hakumnyang'anyi aliyechukua. Alichobeba mfukoni kilibaki mfukoni, alichohamishia nyumbani kwake kilibaki kwake. Kila almasi ikawa mbili. Sanduku maradufu lina nafasi 54. Likijazwa masanduku ya shulker, yale yanayobebeka pamoja na vilivyomo, kila moja na nafasi zake 27 za vitu 64, linaweza kubeba vitu 93,312. Piga hesabu ya avenyu moja. Sokoni bei zilianguka hadi mtu akawa anatoa bloku ya almasi kwa mkate, na wale waliokuwa wamechimba kwa jasho wakaacha kuingia. Hao hawakuwa wamepoteza nyumba. Tuliwapoteza kwa msaada wetu.

Basi, utaratibu. Mji ukikatika, mtu wa kwanza mwenye mtandao anaweka hesabu zote tatu kwenye 0, yaani haziishi, kisha anaanzisha upya seva. Zote tatu, si ile ya mwisho peke yake. Wapya ndio wanaoumizwa na ile ya 7. Anaandika tarehe. Kurante ikirudi, hatuendelei pale tulipoishia: tunaongeza siku zote za giza, na juu yake siku 30. Na msidhani ni mambo ya mara moja katika maisha. Intaneti ilifungwa nchi nzima tangu 31 Desemba 2018, ikakaa hivyo karibu siku 20. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Hata wakubwa wa kazi hii hufanya hivyo: mchezo wa Final Fantasy XIV hubomoa nyumba ambayo mwenyewe hajaingia kwa siku 45, lakini baada ya tetemeko la Noto kule Japani, Januari 2024, waliisimamisha hesabu hiyo. Kama wao walisimamisha, wewe mwenye op ya wiki mbili una haraka ya nini?

3. Tangazo. Kibao mlangoni kina mistari minne tu: jina, tarehe ya leo, tarehe ya mwisho, jina lako wewe. Siku 14 zisipungue. Kipake nta ya nyuki, kwa sababu tangu toleo la 1.20 kibao kisicho na nta hubadilishwa na yeyote anayeweza kukigusa, na tumeshaona "tarehe 28" ikigeuka "tarehe 8" kwa mkono wa jirani mwenye tamaa ya jengo.

Ultima Online, mchezo wa mtandaoni ulioanza 1997, ilikuwa na njia nzuri zaidi: nyumba yenyewe ilionyesha inavyochakaa, hatua kwa hatua, hadi ile ya mwisho ya "karibu kuanguka". Mwenyewe alionywa. Wezi pia walionywa, wakapiga kambi mlangoni. Kwa hiyo kibao ndiyo, lakini ulinzi wa parseli usiuondoe hata siku moja kabla ya hatua ya 4 na ya 5.

4. Hifadhi kabla ya kugusa. Kwa WorldEdit, plagini ya kuhariri ujenzi, chagua parseli yote, kuanzia chini kabisa, -64, hadi 320. Watu huficha mali chini ya kitanda, na chini ya kitanda kwa mchezaji wa zamani ni ghorofa sita za mgodi. Kisha //copy -e. Ile -e ndiyo mnayoisahau kila mara. Bila hiyo unapata kuta na masanduku, lakini fremu, picha na vile visanamu vya kuvalisha silaha havimo, kwa sababu kwa mchezo hivyo si bloku. Kisha //schem save, jina la faili liwe jina la mtu na tarehe. Faili ya nyumba ya kawaida ni ndogo. Ikae siku 90. Bakapu ya seva nayo iishi muda mrefu kuliko tangazo, la sivyo mnarudia ya kwetu.

Na tafadhali, asije mtu na hoja ya kurudisha nyumba moja kwa kubadilisha faili ya eneo. Faili moja ya .mca ni bloku 512 kwa 512. Ukirudisha ya jana umerudisha jana ya kartie (mtaa) nzima, pamoja na harusi iliyofanyika leo asubuhi.

5. Masanduku. Usivunje kwa mkono: vitu vilivyomwagika hufutika baada ya dakika 5, na hapo ndipo simu yako itakapolia. Hamishia depo, yaani ghala, kwa kuvibeba, admini wawili, mmoja anahamisha, mwingine anapiga picha za skrini. Sanduku la ender liacheni, yaliyomo hayakai ndani ya nyumba, yanakaa kwa mtu mwenyewe.

6. Kubomoa. Hakuna TNT, hata kwa mzaha. Angalieni ukuta wa pamoja na jirani. Na msitumie //regen kwenye sehemu za zamani: ardhi iliyozalishwa kabla ya toleo la 1.18, ukiizalisha upya leo, inatoka ardhi nyingine kabisa. Ndiyo maana pale karibu na bandari kuna kipande cha mlima katikati ya barabara. Wageni wanadhani ni mnara wa kumbukumbu, tumeacha waamini.

7. Kumpa mwingine. Kwenye WorldGuard, plagini nyingine ya kulinda maeneo, kuondoa mwenyewe hakutoshi. Walioandikwa kama wanachama wanabaki na bado wanafungua milango, kwa hiyo safisha pande zote mbili, wenyewe na wanachama, kwa -a, yaani wote. Parseli inaenda kwa aliye juu kwenye orodha ya wanaosubiri. Rafiki yako anasubiri kama wengine.

Mwenyewe akirudi, na atarudi, kwa kawaida siku mbili baada ya kugawa, usianze kumweleza kanuni. Mwambie kwanza aingie kwa jina lake kwa herufi zilezile. Mpe parseli mpya, pakia faili yake, bandika kwa -e, mletee vitu vya depo na picha ahakiki sanduku kwa sanduku. Nyumba ikitoka imepinda, mlango ukitazama ukuta wa jirani, //undo, kisha //rotate 90, ujaribu tena.