Jibu: Natimiza 50, mbona kila mtu ananiamkia shikamoo?

Dada yangu, hilo la kuamkiwa shikamoo na kondakta mwenye ndevu zake hata mimi liliniuma mwanzoni. Sasa nina 58, naitikia marahaba kwa sauti, na kiti cha dirishani napewa!

Lakini raha kubwa ni nyingine: siogopi tena watu watasemaje. Nikialikwa shughuli nisiyoitaka, nasema siji, basi. Zamani ningekopa hela ya sare.

Halafu mkumbuke Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Tuzo ya WOMEX, ile ya kimataifa ya muziki, kaipata 2005, bibi kizee na sigara yake mkononi, na bado akaendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa baadaye. Kafariki 2013. Wewe na 50 yako unalia nini? Presha tu usiache kupima.