Bolti ya manifoldi imekatika? Usikimbilie kununua hedi

Juzi usiku kijana mmoja wa Wete kanitumia meseji: "Asalaam alaykum kaka, bolti mbili za manifoldi ya ekzosi zimekatikia kwenye hedi, fundi ananambia ninunue hedi nyengine, nifanyeje?" Waalaykum salaam mdogo wangu. Wewe nshakujibu kwa ufupi, ila nimeona bora niandike na kwa wengine maana najua tuko wengi tunaotaka kutengeneza gari zetu wenyewe uani bila ya kumnyenyekea mtu. Kwa asiyejua, hedi ni kichwa cha injini, na manifoldi ya ekzosi ni lile bomba lililofungwa ubavuni mwake kupokea moshi.

Hiyo ya "nunua hedi" na mie nshaambiwa. Corolla yangu 110 ilikuwa asubuhi ikiwaka tu inalia tik tik tik, ikishapata moto inanyamaza, nikaipeleka kwa fundi, simtaji, akanambia valvu hizo, injini imekwisha. Alipofungua akakuta stadi (bolti isiyo na kichwa, inayoshika manifoldi) ya silinda ya mwisho imekatika na hedi imeingia masizi meusi pale pale, basi badala ya kuona haya akacheka mbele ya vijana wake, "kauze skrepa hii". Kicheko kile bado ninacho kifuani wallahi. Nikamlipa, nikaivuta kwa kamba mpaka nyumbani Fuoni, na leo gari hiyo hiyo napita nayo mbele ya gereji yake madirisha wazi asikie inavyonguruma kistaarabu.

Sasa ujue kwa nini zinakatika. Hedi ni aluminiamu, manifoldi ni chuma cha kusubu, zikipata moto kila moja inatanuka kivyake na stadi ipo katikati inavutwa huku na huku miaka yote, ndo maana mara nyingi zinazoanza ni za pembeni, silinda ya kwanza na ya mwisho. Ule mlio unanyamaza kwa sababu chuma kikitanuka kinaziba mwanya, sio kwamba gari imepona. Na hii hewa yetu ya chumvi nayo, kutu imeshaing'ang'ania thredi, yaani meno ya bolti, kabla hata hujashika spana.

Stadi yangu ilibakisha kijipande kama punje ya mahindi kinachungulia nje. Plaizi ilikuwa inateleza tu. Aliyeniokoa ni ami mmoja jirani, kazi yake kuchomelea mageti na magrili ya madirisha, injini wala hana habari nayo. Kwanza akaniambia nitoe waya wa betri, maana umeme wa weldingi unaweza kuua kompyuta ya gari. Akavisha washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, kulinda uso wa hedi, juu yake akaweka nati, akajaza weldingi ndani ya tundu la nati mpaka ikawa nyekundu. Ya kwanza iling'oka. "Hakijapata moto hicho," akasema, akachoma nyengine taratibu zaidi, akaiacha ififie, afu akachukua mshumaa akaugusisha pale shinani, nta ikayeyuka ikanyonywa ndani. Ndo akanipa spana. Nikakaza kidogo kwanza, nikalegeza, nikakaza tena, ikalia kiii, ikaanza kuja huku inamwaga unga wa kutu. Thredi za hedi zilibaki safi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni moto na subira, mambo mengine yote yanafuata hapo. Tia mafuta ya kulegezea kutu tangu jana yake, asubuhi tia tena. Nati ikikataa usichomeke bomba refu kwenye spana ukaning'inia, hapo ndo watu wanapozikata, ipashe moto tia mafuta rudi tena. Subira jamani.

Kama imekatika sawasawa na uso wa hedi, hapo ni drili, na drili inataka roho tulivu. Sawazisha kwa tupa, tia alama katikati kabisa, anza na kipisi cha drili chembamba, maana ukienda upande tu kipisi kinaikimbilia aluminiamu kwa sababu ni laini. Zile pini za kung'olea bolti mie siziamini, chuma chake ni kigumu mno, ikikatikia ndani drili ya kawaida haiigusi. Na hata thredi zikiliwa bado hedi hainunuliwi, kuna koili za chuma za kurudishia thredi, tafuta karakana yenye mashine.

Vijana wetu siku hizi wakiambiwa neno moja na fundi wanatoa pesa au wanauza gari kwa bei ya kutupa, hata kuinama wakatizama hawainami! Hebu inama. Aliyekuambia haiwezekani labda ni yeye ndo haiwezi.

Mdogo wangu wa Wete, uliuliza pia kama unaweza kuitembelea hivyo hivyo. Kidogo, kwa dharura, madirisha wazi, na watoto usiwapakie, maana moshi ukivujia mbele unaingia ndani na gesi yake inayoua haina harufu. Wakati wa kurudisha tia stadi mpya zote, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, endesha, iache ipoe kabisa kisha pitia tena. Na gesketi, ile ya kuziba kati ya manifoldi na hedi, itafute kabla hujafungua chochote, ukiikosa Pemba uagize Mwanakwerekwe ije na boti, usije ukabaki na injini wazi uani unasubiri mzigo.