Kegi ya bia haijawa boila

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Muheza, nimepanda mchaichai na nina mikarafuu michache. Nimepata kegi mbili za bia za lita 50, nataka kukamua mafuta kwa mvuke: moja ichemshe maji, nyingine niikate juu niweke majani. Fundi wa hapa anasema nifunge koki kwenye bomba la mvuke ili presha ipande, mafuta yatoke haraka. Anasema kegi imetengenezwa kwa presha, haina shida. Je, nitumie koki ya nusu inchi au robo tatu?

JIBU: Marahaba. Usiweke ya nusu inchi wala ya robo tatu. Usiweke koki kabisa.

Samahani kwa ukali, lakini sentensi hiyo ya "kegi imetengenezwa kwa presha" naisikia kila mwezi, na anayeisema huwa ni fundi wa mageti. Anachosema ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo hatari yenyewe. Kegi inabeba presha ya bia ya baridi. Ikipasuka, gesi inatoka pwaa na povu linaruka; hata hiyo inaweza kuumiza, lakini nguvu yake ni ndogo. Maji yaliyochemka ndani ya chombo kilichofungwa ni habari nyingine. Chukua lita 30 za maji, funga koki, acha moto uwake mpaka yafike nyuzi joto 150. Presha ndani, kwa geji, ni karibu bar 4 tu, na kegi huenda ikavumilia bila hata kuvimba. Lakini mshono ukiachia, maji yale hayawezi tena kubaki maji kwa joto hilo. Sehemu yake, kilo mbili na ushee, inageuka mvuke papo hapo: zaidi ya lita 4,000 za mvuke kutoka kwenye chombo cha lita 50. Kegi inaruka, kuni zinatawanyika, na maji yaliyobaki yanamwagikia aliyesimama karibu. Geji ikisoma bar 4 za gesi na bar 4 za maji ya moto, mshale unasimama palepale. Hasira iliyomo ndani hailingani.

Na hiyo presha ni ya nini? Mafuta ya mchaichai hutoka na mvuke wa kawaida, wa nyuzi 100, uliofunguliwa njia. Kinachoharakisha kazi ni moto wa kutosha, majani yasiyoshindiliwa, na maji ya kupoozea yanayotembea. Watu wanaona mafuta machache wanadhani mvuke hauna nguvu, kumbe bomba la kupoozea ni la moto na mafuta yanapotelea hewani na harufu yake yote.

Kegi zako basi. Kwanza hakikisha muuzaji alikuwa na haki ya kuziuza, maana kegi nyingi hubaki mali ya kiwanda cha bia hata zikizagaa mtaani. Pili, kabla ya grenda kugusa chochote, bonyeza vali ya juu, ukae pembeni, mpaka mlio wa gesi uishe kabisa. Ndipo ufungue lile bomba la ndani linaloshuka kutoka kwenye vali. Likifunguliwa na gesi imo linaruka kama risasi, na limeshaua watu. Kuchomelea, tafuta mwenye mashine ya gesi ya agoni na waya wa stenlesi wa namba 308. Ukichomelea stenlesi kwa fimbo ya kawaida ya chuma, mshono utashika kutu, na mafuta ya karafuu yakikutana na chuma hicho yanakuwa meusi.

Shingo ya kegi, ya kama inchi mbili, iache iwe njia ya mvuke kwa upana wake wote. Pembeni yake toboa, chomelea bomba wima la inchi moja: ncha ya chini isimame sentimita tano kutoka sakafu ya kegi, ya juu ipande mita moja juu ya usawa wa maji, na ibaki wazi. Majani yakiziba njia, presha ikifika sehemu ya kumi ya bar tu maji yatapanda humo na kumwagika. Litazame bila kuliinamia. Maji yakipungua sana, mvuke utatoka hapo na utajua ni wakati wa kuongeza. Mfuniko wa kegi ya majani uzibe kwa donge la unga wa ngano. Unga unaachia kabla ya chuma.

Karafuu nayo ina yake: mafuta yake ni mazito kuliko maji, yanazama, wakati ya mchaichai yanaelea. Chombo cha kutenganishia cha mmoja hakimfai mwenzake. Watu wa Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Pemba, wanaokamua mafuta ya vikonyo vya karafuu, wanalijua hilo tangu zamani. Wewe ukimwaga "maji ya chini" umemwaga mafuta.

Nimeona mengine yanayotoka kwenye shule hiyohiyo ya koki: mitungi ya gesi ya kupikia iliyokatwa ikafanywa boila ya kufukizia uyoga, vali ya usalama imefungwa kwa waya "kwa sababu inapiga kelele". Inapiga kelele kwa sababu inafanya kazi! Tanzania Bara, boila na vyombo vya presha hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Fundi akikuambia ukaguzi ni usumbufu, muulize yeye atasimama wapi siku ya kuwasha. Na mnaoniandikia mkisema "mchaichai" huku mnamaanisha gongo, mvuke wa pombe juu ya moto wa kuni sina ushauri nao.

Ukishafunga kila kitu na majani yamo, kabla ya kumimina maji puliza kwa mdomo kupitia tundu la kutokea mafuta. Mwenzako aweke kiganja juu ya lile bomba wima. Asipohisi pumzi yako, usiwashe.