Kabla hujamtilia mpangaji kufuli

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu ile nyumba ya Majengo, vyumba sita na duka mbele: uinunue au uiache, na kama mwenye duka anayedaiwa kodi ya miezi mitatu unaweza kumtilia kufuli. La kufuli naanza nalo maana ndilo litakalokutia hasarani. Usithubutu.

Hapa Kenya mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi ana ngome kuliko mwenye nao. Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, inamlinda huyo, na inamlinda pia aliye na mkataba usiozidi miaka mitano, au wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka hiyo bila kosa la mtu. Humtoi, wala humpandishii kodi hata kwa shilingi mia, ila kwa notisi ya Fomu A, fomu ya sheria hiyo, ya miezi miwili au zaidi, yenye sababu iliyotajwa na sheria. Barua tamu ya wakili isiyokuwa kwenye fomu ile haina kazi. Kodi iliyokaa miezi miwili tangu ilipoiva bila kulipwa ni sababu tosha, kwa hivyo huyo wako unamweza, lakini kwa karatasi. Akikimbilia jopo la kodi za biashara, ile BPRT, kabla notisi haijatimia, notisi haina nguvu mpaka kesi iamuliwe, naye yumo ndani anauza. Hata dalali wa kukamata mali hutampeleka dukani bila ruhusa ya jopo, na awe dalali mwenye leseni. Ukifunga mlango wewe mwenyewe, aliyekuwa mdaiwa wako anageuka mlalamishi: anaomba amri afunguliwe, kisha anakudai mauzo ya siku zote hizo pamoja na maziwa yaliyochacha kwenye friji.

Sasa ardhi. Muuzaji anasema "nyumba yangu", na huenda ni kweli, nyumba tu. Majengo nyumba nyingi zimesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Basi unachonunua ni kuta na bati. Hatimiliki hupati, na benki haitakukopesha kwa dhamana ya bati. Mtafute mwenye kiwanja mwenyewe, si mjumbe wake; akuandikie kwamba anakutambua, kodi ni kiasi gani, na muuzaji hadaiwi. Malimbikizo usipoyauliza leo, utaulizwa wewe kesho. Kama muuzaji ana mke au mume, sahihi ya mwenzake iwepo. Nyumba ya ndoa haiuzwi kwa idhini ya mmoja.

Wapangaji unawarithi walivyo. Chukua orodha: nani, chumba gani, kodi, deposi, anadaiwa nini. Vyumba sita vya 5,000 vyenye deposi ya mwezi mmoja ni 30,000, na hizo zitoke kwenye bei ya kununulia, maana wakihama watakudai wewe. Chumba kisichozidi 2,500 kwa mwezi kina sheria yake na jopo lake, msumbufu vilevile.

Mpangaji mpya wa duka mpe mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, bila kipengele cha kuuvunja mapema, ili usiangukie Sura ya 301; usajiliwe na ulipiwe ushuru wa stempu: 2% ya kodi ya mwaka, kwa kuwa unazidi miaka mitatu. Bila stempu korti haiupokei kuwa ushahidi.

KRA, watoza ushuru wa serikali, nao wapo. Vyumba vyako vitaingiza 360,000 kwa mwaka, umeshapita kiwango cha 288,000 kinachoanza kutozwa, kwa hivyo unawalipa 7.5% ya pesa hizo, kiwango cha tangu Januari 2024: 2,250 kila mwezi, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama za rangi na mabomba hazipunguzwi kwanza. Kodi ya duka haimo humo. Hiyo unaitangaza kwenye ritani ya mwaka.

Mwambie muuzaji akupe risiti za kodi ya ardhi za miaka mitatu nyuma, uzipige picha unitumie. Bei tutaizungumza baada ya hapo.

Mamako