Barua kwa mwanangu anayeandika mwongozo wa riwaya ya 1984

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anasalimu na anauliza kama ule mzigo wa dagaa ulifika. Rasimu yako nimeisoma jana usiku umeme uliporudi, na leo nina nafasi ya kukujibu kwa kirefu.

Unasema umepewa kazi ya kuandika makala ya mwongozo kuhusu 1984 ya George Orwell, kwa wasomaji wa Kiswahili ambao wengi wao hawajaisoma. Unaniuliza uanzie wapi, na kama usimulie kisa mpaka mwisho au uishie njiani ili usiwaharibie uhondo. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo lililoiteka rasimu yako.

Umeanza na kuzaliwa kwa mwandishi, ukaja na muhtasari, kisha wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe, na mwisho falsafa ya mwandishi. Utaratibu huo naujua. Ndio uliowavusha vijana wangu wa kidato cha sita miaka yote ile, na kwenye mtihani una kazi yake, maana mtahini anataka kuona kila kitu kwenye chumba chake. Msomaji wako hana mtihani. Ametoka kazini, amekaa kwenye daladala, amesikia jina la kitabu hiki mara nyingi, anataka kujua ndani yake kuna nini na kama kinastahili muda wake. Ukimwambia "dhamira kuu ni udikteta", hajapata kitu ambacho hakukijua kabla hajakufungua.

Tabu ya 1984 ni kwamba inajulikana kuliko inavyosomwa. Mtu ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja atakutajia Kaka Mkubwa, yule kiongozi wa nchi ya riwayani, atakutajia runinga inayokutazama wakati nawe unaitazama, na kwenye ubishi wa siasa atasema "haya ndiyo aliyoyasema Orwell". Ndiyo maana miongozo mingi ya kitabu hiki imeandikwa kutokana na umaarufu wake, mwandishi mmoja akimnukuu mwenzake. Wewe andika kutokana na kurasa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na chokoleti. Winston Smith ana miaka 39, anafanya kazi Wizara ya Ukweli jijini London, na kazi yenyewe ni kurekebisha magazeti ya zamani yalingane na kile kinachosemwa leo na Chama, yaani chama kinachotawala nchi. Wizara ya Neema ilikuwa imeahidi kwamba mgawo wa chokoleti hautapunguzwa mwaka 1984. Sasa unashushwa kutoka gramu 30 hadi 20. Winston anaifuta ahadi ile kwenye gazeti na kuweka mahali pake onyo kwamba huenda mgawo ukapunguzwa mwezi Aprili. Halafu runinga inatangaza kwamba wananchi wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuupandisha mgawo hadi gramu 20 kwa wiki. Jana tu walitangaziwa kwamba unashuka hadi gramu hizohizo 20! Jirani yake Parsons anameza habari hiyo bila kutafuna. Winston anawatazama watu pale kantini na kujiuliza kama ni yeye peke yake aliyebaki na kumbukumbu.

Msimulie msomaji hilo katika aya moja, naye atakuwa ameshaelewa Chama kinafanya nini. Hakitoshelezwi na kusema uongo. Kinataka uongo huo uwe ndio uliokuwa ukweli tangu mwanzo. Baada ya hapo unaweza kumpa historia kidogo, na hapa historia itakuwa na pa kukaa. Uingereza yenyewe iligawa peremende na chokoleti kwa kuponi kuanzia 1942 hadi 1953, isipokuwa miezi michache ya mwaka 1949 uzuio ulipoondolewa kisha ukarudishwa. Kitabu kilitoka London tarehe 8 Juni 1949, ndani ya miezi hiyohiyo michache.

Maisha ya Orwell yote yatumie hivyo, kipande kwa kipande, pale ukurasa unapoyaita. Kwamba alizaliwa Motihari nchini India mwaka 1903 na jina lake halisi ni Eric Blair, sentensi moja inatosha. Lakini ukifika kwenye ile hotuba ya Wiki ya Chuki, pale msemaji anapobadilisha adui katikati ya sentensi, kutoka Eurasia kwenda Eastasia, yale madola mawili ya kubuni, na umati unaanza kuchana mabango yake wenyewe ukidai yamebandikwa na wahujumu, hapo simama. Hapo ndipo pa kumweleza msomaji wako Agosti 1939, Hitler na Stalin walipotia saini mkataba wa kutoshambuliana, na Juni 1941, Ujerumani ilipoivamia Urusi. Wakomunisti wa Uingereza waliokuwa wakiipinga vita wakageuka kuiunga mkono. Orwell aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka huohuo wa 1941 aliingia BBC, akawa akitangaza kwa ajili ya India mpaka 1943, na mkewe Eileen alikuwa amefanya kazi katika idara ya udhibiti wa habari ya serikali. Wizara ya Ukweli haikutoka hewani. Na kabla ya hapo kuna Hispania, alikokwenda kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapigwa risasi ya shingo mwaka 1937 na kurudi kwao kukuta magazeti yakiripoti mapigano ambayo hayakutokea.

Sasa uti wa mgongo wa makala yako. Kitabu hiki kina swali lake chenyewe, na sielewi kwa nini miongozo mingi hailioni. Katika shajara yake Winston anaandika kwamba anaelewa VIPI, lakini haelewi KWA NINI. Anajua magazeti yanavyobadilishwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeyabadilisha. Hajui kwa faida gani. Baadaye anapata kitabu cha siri kinachosemekana kimeandikwa na Goldstein, adui mkuu wa Chama, na Orwell anatuwekea kurasa nyingi za kitabu hicho. Zinaeleza vita visivyokwisha vina kazi gani, tabaka la juu linajilinda vipi, na kwa nini watu wa chini lazima wabaki maskini. Zote hizo ni VIPI. Winston anapofika pale kitabu kinapotaka kueleza sababu yenyewe, anagundua mpenzi wake Julia, aliyekuwa akimsomea, amelala fofofo. Anakifunga. Jibu analipata kwenye sehemu ya tatu, akiwa amefungwa kitandani ndani ya Wizara ya Upendo, kutoka kwa O'Brien, ofisa wa Chama anayemtesa: Chama kinataka madaraka kwa ajili ya madaraka, basi.

Panga mwongozo wako juu ya swali hilo, nayo mengine yatajipanga. Sehemu tatu za riwaya zitaacha kuwa muhtasari wa "kisha, kisha, kisha", zitakuwa safari ya mtu anayetafuta jibu moja na kulipata mahali pabaya kuliko pote.

Ndiyo maana pia usifuate ushauri wa wale wanaosema kitabu cha Goldstein kinachosha na msomaji akiruke. Kinachosha kidogo, ndiyo, na uwe mkweli kuhusu hilo. Lakini klabu kubwa ya vitabu ya Marekani, Book of the Month Club, ilitaka sehemu hiyo iondolewe pamoja na kile kiambatisho cha mwishoni kuhusu Lugha Mpya. Orwell alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na kuchaguliwa na klabu hiyo kulikuwa na fedha nyingi. Akakataa. Klabu ikakichukua kitabu kizima kama kilivyo. Mwandishi akigoma hivyo, mwongozaji hana budi kueleza alikuwa analinda nini.

Kiambatisho nacho ukipe nafasi nzuri. Kinaeleza lugha ambayo Chama kinaitengeneza ili fikra za uasi zikose maneno ya kufikiriwa, na kwamba ilitarajiwa kuenea kikamilifu ifikapo 2050. Cha ajabu ni njeo yake: kimeandikwa kana kwamba Lugha Mpya imeshapita. Mwandishi wa riwaya Margaret Atwood ni mmoja wa wanaosema hiyo ni ishara kwamba Chama kilianguka. Wengine wanaona ni sauti ya kawaida ya msomi tu. Toa hoja zote mbili kisha useme unaegemea wapi. Mimi naegemea kwa Atwood, ingawa mama yako ananicheka kwamba nimeshazoea kutafuta mwisho mwema hata pale usipokuwepo.

Hili linanileta kwenye swali lako la pili. Simulia mpaka mwisho, lakini igawe makala waziwazi: kwanza yale ya kumfaa mtu kabla hajasoma, kisha, baada ya kumwonya, yale ya kumfaa aliyekwisha kusoma. Kwenye nusu ya kwanza unaweza kusema bila wasiwasi kwamba kitabu hiki hakiishii vizuri. Winston mwenyewe anajua tangu anapofungua shajara kwamba amekwisha kufa. Unachotakiwa kuficha ni mambo mawili: mzee Charrington, mwenye duka anayewakodishia Winston na Julia chumba cha juu, ni nani hasa, na O'Brien yuko upande gani. Hayo ndiyo yanayomfanya msomaji asiwe na imani na chumba kile cha juu ya duka anaporudia kusoma. Katika nusu ya pili uyaseme yote, pamoja na lile ambalo wengi wanalipita mbio: O'Brien anadai kwamba yeye ni mmoja wa walioandika kitabu cha Goldstein. Yaani hata ule uchambuzi uliotufumbua macho, wewe na mimi, huenda umetoka mikononi mwa Chama. Hapo msomaji anatakiwa arudi nyuma na kuanza upya kushuku, na mwongozo mzuri humrudisha.

Kuhusu Julia, umeandika "mpenzi wa Winston" ukapita. Hapana, mama. Julia ana miaka 26, anahudumia mashine zinazotunga riwaya katika Idara ya Hadithi, na ndiye anayeanza kila kitu kwa kumpa Winston kikaratasi chenye maneno ya kumpenda. Analala wakati kitabu kikisomwa kwa sababu nadharia hazimhusu. Anakivunja Chama kila siku kwa vitendo, na anaeleza kwa nini Chama kinachukia mapenzi kuliko Winston awezavyo kueleza. Papo hapo usifiche kwamba kabla hawajajuana, Winston anawaza kumfanyia ukatili wa kuchukiza, na kwamba Orwell hatupi nafasi ya kuingia kichwani mwa Julia. Mkosoe pale anapostahili. Kitabu kikubwa hakivunjiki kwa hilo.

Kuna makosa yanayorithiwa kutoka mwongozo hadi mwongozo, uyaepuke. Kwamba jina la kitabu ni 1948 iliyogeuzwa: inawezekana, lakini Orwell hakuacha maelezo ya namna hiyo, kwa hiyo usiandike kama jambo lililothibitishwa. Kwa muda alikuwa na jina jingine kabisa, lenye maana ya mtu wa mwisho Ulaya. Ile nukuu maarufu inayosema kusema ukweli wakati wa uongo ni tendo la kimapinduzi, haimo kwenye riwaya wala kwenye maandishi yake yoyote. Umeiweka juu kabisa ya rasimu yako kwa herufi nene, iondoe. Pia usimfanye adui wa ujamaa. Mwaka uleule kitabu kilipotoka aliandika kwamba hakukusudia kuushambulia ujamaa wala chama cha Labour alichokiunga mkono, na kwamba hasemi jamii ya namna hiyo lazima itakuja, ila kitu kinachofanana nayo kinaweza kuja. Kwa hiyo zile aya zako tatu za kuhesabu "alitabiri hiki, alitabiri kile" zipunguze iwe moja, au uzifute.

Wasomaji wako wengi watakuwa wamekutana na Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Wakumbushe, maana watajisikia wako kwa mtu wanayemjua. Na kama una nafasi, watajie Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, miaka miwili tu baada ya 1984. Karama anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa hoja, na hoja inashinda. Winston naye ana hoja. Usiulinganishe mwisho wa vitabu hivyo kwa maneno mengi. Waweke pamoja tu, msomaji wa Kiswahili ataona mwenyewe.

Majina amua mapema na usibadilishe: ukisema Polisi wa Fikra ukurasa wa kwanza, wasigeuke kuwa Askari wa Mawazo ukurasa wa nne. Kunukuu, nukuu kwa kiasi. Orwell alifariki Januari 1950, hivyo haki zake Uingereza zilikwisha mwishoni mwa 2020, lakini Marekani riwaya hii bado inalindwa mpaka 2044, na makala yako itasomwa hadi huko. Kile kisa cha Amazon kufuta nakala za 1984 kwenye vifaa vya wateja wake mwaka 2009, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki, najua unakitamani. Kiweke mwishoni kabisa, sentensi mbili.

Nitumie kwanza hiyo sehemu ya kitabu cha Goldstein, ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiweza kuieleza bila mtu kusinzia, zilizobaki nitazisoma zikiwa tayari. Na umjibu mama yako kuhusu dagaa.

Baba yako